Moshi ukiisha kwenye mashine ya taka, moto bado upo

Sisi zimamoto tukiitwa kwenye mashine ya kushindilia taka inayoungua, wasimamizi wa majengo ya Kampala ni kama wamekariri jibu moja: "Tumemwaga maji, moshi umeisha, mnaweza kwenda." Hatuendi.

Taka zilizoshindiliwa huungulia ndani. Nje utaona maganda ya matoke yaliyolowa, ndiyo maana watu husema taka mbichi haziungui. Katikati kuna katoni, kaveera (mifuko ya plastiki) na majivu ya sigiri (jiko la makaa) yaliyotupwa kabla hayajapoa. Maji yakimwagwa kwa juu huteleza pembeni mwa robota, yaani fungu la taka zilizoshindiliwa, na kuchuruzika chini, kiini kikabaki kikavu. Miali hufa, lakini makaa huendelea kula polepole kwa saa nyingi, maana hewa kidogo tu huyatosha. Kwa hiyo robota lazima litolewe, lichanwe kwa reki juu ya sakafu ya saruji, litandazwe tabaka jembamba, na kila tabaka lilowe maji yenye sabuni ya povu. Mvuke ukiendelea kutoka, bado hujamaliza.

Kabla ya yote hayo, kata umeme kwenye swichi kuu ya mashine, piga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa askari mmoja wa zimamoto. Kitufe chekundu husimamisha mashine tu. Volti 415 bado zinaingia kwenye kabati la umeme la mashine. Na hata umeme ukikatika, mafuta ya haidroliki yanaweza kubaki na presha, basi usipitishe mwili mbele ya sahani ya kushindilia.

Bomba la taka, lile wapangaji wanalotupia taka kutoka kila ghorofa hadi kwenye mashine chini, nalo husahaulika. Milango yake yote ifungwe, na wapangaji waambiwe waache kutupa (watatupa tu, kwa hiyo weka mtu kila ghorofa). Askari mwenye mtungi wa hewa aikague milango kwa nyuma ya kiganja. Mlango wa ghorofa ya nne ukiwa wa moto na wa tatu baridi, mzigo unaoungua umekwama katikati. Utie maji kutoka juu yake, lakini baada ya kila mtu kutoka chumba cha mashine: ukiachia, hushuka wote pamoja na chupa na makopo ya dawa ya mbu, ambayo hulipuka.

Maji pia yana uzito. Mpira wa milimita 45 hutoa takriban lita 400 kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi ni tani nne ndani ya kontena linalopokea taka za mashine, ambalo baadaye mtataka lori lilivute.

Hapo ndipo vitabu huandika kwa uhakika nisioupata kazini: ufungue mlango wa kontena palepale chini ya jengo, au ulivute nje kwanza? Mimi hupendelea kuvuta, kwa sababu ukifungua unaingiza hewa na miali inaweza kukurukia. Lakini lori likikwama kwenye foleni, chuma kinazidi kupasha dari. Kamera ya joto nayo husoma ngozi ya chuma; kiini haikioni. Sina kanuni inayoniridhisha.

Tanuri la hospitali la kuchomea taka ni kinyume chake. Funga dizeli, mlango ubaki umefungwa, usimwage maji ndani: chumba cha pili, kinachounguza moshi wa cha kwanza, hufanya kazi kwenye nyuzi 1,100 hivi, maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na matofali hupasuka. Majivu yashikwe kwa koleo, kwa sababu sindano hazijaungua.