Kabla hujahamishia kuku kwenye stoo, ingia ndani ujifungie

Watu wengi wanaoniita niwaangalizie banda wanakuwa wameshapoteza kuku tayari, na mara nyingi hilo banda lilikuwa stoo ya kuwekea majembe na magunia, wakatoa vitu, wakafunga fito za kulalia na viota, basi, kuku wakahamia. Stoo ukiitazama kwa nje unaona imefunga, ina ukuta, ina paa, ina mlango, ndo maana watu wanaiamini. Ila mtu aliyeijenga alikuwa anawaza mvua na wezi, hakuwaza nguchiro.

Mimi nikifika naingia ndani mchana jua likiwa kali, nafunga mlango, nasubiri macho yazoee giza, halafu natafuta mwanga. Kila unapopenya naweka alama ya chaki. Kuna banda moja nilikuta ubao wa chini kwenye kona umeoza, kidole gumba kikapita chote, na kwenye vibanzi vya ule ubao kulikuwa na manyoya mafupi ya kahawia yamenasa, na ukingo umekuwa laini unang'aa kwa kupitiwa kila usiku. Mwenye kuku alikuwa analaumu paka wa jirani muda wote huo. Jamani, panya mkubwa tundu la sentimita 2 linamtosha, kichwa kikishapita mwili unafuata.

Sasa wavu. Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita, ambao karibu kila mtu anaununua, unazuia kuku asitoke, adui haumzuii. Mbwa anaurarua kwa meno, na mnyama mwenye mkono mwembamba anaupenyeza tu akamkamata kuku aliyelala ameuegemea. Ukikuta kuku kafa hana kichwa na mwili umebanwa kwenye wavu, usihangaike kutafuta alipoingilia, hakuingia kabisa, alimvutia pale pale. Tumia wavu mgumu uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, yaani milimita 13 hivi, na uufunge kwa skrubu na washa pana, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu. Pini za stepla zinang'oka, nimeziokota chini nyingi sana.

Kwenye madirisha na matundu ya juu naomba sana msizibe kwa mbao au mabati kwa hofu. Kuku wanatoa unyevu mwingi wakipumua, mavi yao yanatoa amonia, ukiziba kila kitu utawaokoa na nguchiro halafu uwaue kwa kifua. Acha hewa ipite juu ya vichwa vyao karibu na paa, weka wavu, inatosha.

Chini ndo kazi ilipo. Mnyama anayechimba anaanzia pale pale ukuta unapogusa ardhi, akikutana na wavu anazidi kukwaruza hapo hapo, hawazi kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali. Kwa hiyo huhitaji kuchimba mtaro wa kina kirefu, laza wavu juu ya ardhi kuizunguka stoo yote, utoke nje sentimita 60, upande mmoja ufungwe kwenye ukuta, juu yake weka mawe au udongo, nyasi zitaota zenyewe ziushike. Kama sakafu ni ya mbao iliyoinuka, ziba na uwazi wa chini yake, la sivyo panya watahamia huko na nyoka atawafuata.

Mlango, usukume kwa mkono kona ya chini. Ukipinda kwako, kwa mbwa utapinda zaidi. Weka kizingiti, weka makomeo mawili, juu na chini.

Halafu jioni funga mapema, hesabu kuku, toa chakula kilichobaki. Kuku gizani haoni vizuri, akishapanda kwenye fito ndo kashafika, mwenzake atauawa pembeni yake na yeye atabaki amekaa pale pale akisubiri zamu, na nguchiro au kicheche akishaingia haridhiki na mmoja. Hiki ndo kinachoniuma nikiitwa asubuhi, maana hawa hawana pa kukimbilia, ule ukuta ndo kila kitu walichonacho.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, rudi ujifungie tena. Mbao zinavimba, zinakauka, zinaachia. Alama za chaki bado zitakuwepo, wewe tafuta mwanga pale pasipo na chaki.