Madoa ya Gamba na Jinsia ya Kobe Mchanga

Wafugaji wengi wa kobe wachanga hutuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: mwenye madoa mengi ndiye dume? Mwenye gamba la manjano iliyokolea ndiye jike? Michoro ya gamba la kobe mchanga hueleza aina yake, ukuaji wake na hali ya matunzo anayopata, lakini haielezi jinsia yake. Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kobe wengi huuzwa au kuwekwa pamoja kwa msingi wa dhana hiyo, na madhara yake hujitokeza baada ya miaka, wakati mwenye kobe ameshasahau chanzo.

Tumchukue kobe mwenye madoa, ambaye jina lake la kisayansi ni Stigmochelys pardalis, kwa kuwa ndiye anayejulikana zaidi katika nyika za Kenya na Tanzania. Mgongo wake umefunikwa na vigamba vikubwa 13, vitano vikiwa vimepangana katikati ya mgongo na vinane vikiwa ubavuni, vinne kila upande. Kandokando yake huzunguka vigamba vidogo vya ukingoni. Anapoanguliwa, kila kigamba kikubwa huwa na eneo la kati lenye rangi ya maziwa au manjano hafifu, lililozungushiwa mpaka mweusi, na ndani yake mna doa moja jeusi au mawili. Idadi ya madoa hayo ndiyo inayowachanganya wengi. Zamani ilitumiwa hata na wataalamu kuwatenganisha kobe wa kusini mwa Afrika na wale wa kaskazini zaidi, mgawanyo ambao uchunguzi wa vinasaba haukuuunga mkono. Hakuna wakati wowote ambapo imethibitika kutofautisha dume na jike, na vitoto vilivyotoka katika tundu moja la mayai huweza kutofautiana sana kwa madoa.

Kadiri kobe anavyokua, mpaka ule mweusi hukatikakatika, madoa hutawanyika na kuwa vistari na vitone, na mpangilio safi wa utotoni hupotea. Kobe mzee sana huweza kubaki na gamba la kahawia au kijivu lisilo na mchoro unaosomeka. Kwa hiyo anayesema kobe wake "amebadilika rangi" mara nyingi anaona ukuaji wa kawaida. Alama iliyo thabiti zaidi kuliko rangi ni mpangilio wa vigamba vyenyewe: kobe mwenye madoa hana kile kigamba kidogo cha katikati juu ya shingo, ilhali kobe mkubwa wa Aldabra, atokaye visiwa vya Shelisheli, kwa kawaida anacho. Iwapo kobe wako ana kigamba cha ziada au kilichogawanyika, hilo ni badiliko lililotokea akiwa ndani ya yai, aghalabu kutokana na joto au unyevu usiofaa wakati wa kuatamiwa, na halimzuii kuishi vizuri.

Mistari ya duara inayoonekana ndani ya kila kigamba nayo hueleweka vibaya. Kigamba kimeundwa kwa keratini, yaani kitu kilekile kinachounda kucha, na keratini mpya huongezwa pembezoni mwake, hivyo kila kipindi cha kukua kwa kasi kikifuatiwa na kipindi cha kudumaa huacha mfereji. Katika nchi yenye masika na vuli, mwaka mmoja huweza kuacha zaidi ya mfereji mmoja; kwa kobe wa nyumbani anayelishwa mwaka mzima, mistari huweza isionekane kabisa. Wageni wanaofika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambako kobe wanne wa Aldabra walipelekwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, huona namba za umri zilizoandikwa kwa rangi migongoni mwa kobe. Namba hizo huandikwa na watunzaji, hazisomwi kutoka kwenye mistari ya gamba. Nyumbani tafadhali usipake gamba rangi wala mafuta ya kung'arisha. Picha iliyopigwa vizuri inatosha kumtambulisha kobe wako.

Ukimtazama kobe mchanga kwa karibu utaona kati ya kigamba na kigamba ufito mwembamba mweupe au wa rangi hafifu. Huo ni ukuaji mpya, nao ni dalili njema. Wapo waliousugua kwa mswaki wakidhani ni ukungu, wakamjeruhi mnyama. Ugonjwa wa gamba una sura nyingine: sehemu inabonyea, inatoa harufu, inavuja maji, au kigamba kinabanduka na kuacha nyama nyekundu. Gamba zima likiwa laini kwa kobe aliyekwisha kupita miezi michache ya kwanza, fikiria upungufu wa kalsiamu na wa miale ya urujuanimno. Vigamba vikiinuka kama vichuguu, fikiria ukavu: utafiti wa Vienna uliochapishwa mwaka 2003 kwa kobe wachanga wa aina ya sulcata, kobe mkubwa wa maeneo makavu ya Afrika kusini mwa Sahara, ulionyesha kwamba unyevu mdogo wa hewa ulichangia vichuguu hivyo kuliko wingi wa protini katika chakula. Vichuguu hivyo havihusiani na jinsia, ingawa tumesikia vikitajwa kuwa alama ya dume.

Kwa nini basi jinsia haionekani mapema? Kwa kobe wengi waliochunguzwa, hakuna kromosomu za jinsia zinazoamua jambo hili. Huamuliwa na joto la mchanga wakati yai linapoatamiwa, katika sehemu ya kati ya kipindi hicho. Kwa kobe wa Hermann, anayefugwa sana Ulaya, kiwango kinachotenganisha ni kama nyuzi 31.5 za selisiasi: chini ya hapo hutoka madume zaidi, juu ya hapo majike zaidi. Matokeo yake ni kwamba kipimo cha vinasaba kinachotumika kwa ndege hakiwezi kutumika kwa kobe hawa, na kwamba kundi zima la vitoto vya tundu moja huweza kuwa la jinsia moja. Aliyenunua wawili "ili wapatane, dume na jike" kutoka tundu moja anaweza kuwa na madume wawili.

Dalili za nje hujitokeza kwa kufuata ukubwa wa mwili zaidi kuliko umri. Kwa kobe mwenye madoa, hatuwashauri watu kuziamini kabla hajakaribia sentimita 20 za urefu wa gamba uliopimwa kwa mstari ulionyooka. Kobe wa Hermann huanza kusomeka akiwa na kama sentimita 10 hadi 12. Wa Aldabra huhitaji subira ya miaka mingi, kwani porini hukomaa akiwa na umri wa miaka 20 au zaidi.

Anza na mkia. Mshike kobe kwa mikono miwili, umwinue polepole akiwa sawa hadi usawa wa macho, bila kumpindua chali, au umweke juu ya kioo kisafi na kumpiga picha kutoka chini. Mkia wa dume ni mrefu, mnene kwenye shina, naye huulaza upande mmoja. Tundu la haja liko mbali na mwili, kuelekea ncha. Wa jike ni mfupi, na tundu liko karibu na shina. Kisha tazama gamba la tumbo: kwa dume aliyekomaa huwa limebonyea kidogo, jambo linalomsaidia kumpanda jike, na pembe inayofanywa na vigamba viwili vya mwisho karibu na mkia huwa pana zaidi. Ukubwa wa mwili peke yake ni mwongozo dhaifu, kwa sababu katika maeneo mengi jike la kobe mwenye madoa humzidi dume, ilhali kwa kobe wa Aldabra dume ndiye mkubwa.

Tabia nayo hupotosha. Kobe wachanga hupandana na kugongana kwa kugombea ukubwa, na hata majike hufanya hivyo. Jambo moja huondoa shaka yote, nalo huwatisha watu: kobe akiwa katika maji ya kuogea hutoa kiungo kikubwa cheusi chini ya mkia. Huo ni uume, na kwa kawaida hurudi ndani wenyewe baada ya muda mfupi. Usiporudi, au ukikauka au kuvimba, uloweshwe kwa maji safi na kobe apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kujua jinsia si udadisi tu. Madume wawili katika zizi dogo huumizana, na jike hutaga hata akiishi peke yake. Akikosa udongo wenye kina anaoweza kuuchimba, mayai humkwama tumboni na huweza kumuua. Jike aliyewahi kukutana na dume huweza kuhifadhi mbegu na kutaga mayai yenye rutuba muda mrefu baadaye. Ndiyo maana tunashauri kila kobe ambaye jinsia yake haijajulikana aandaliwe mahali pa kutagia, kana kwamba ni jike, pindi anapofikia ukubwa ambao dalili za nje huanza kusomeka.

Anayehitaji jibu mapema, hasa katika miradi ya uzalishaji, anaweza kumwomba daktari mwenye ujuzi wa reptilia amchunguze kobe kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu dogo mbele ya mguu wa nyuma, kobe akiwa amepewa dawa ya usingizi, ili zionekane korodani au ovari. Kwa kobe wa kawaida wa nyumbani hatuoni sababu ya kumwingiza katika hatari hiyo. Mpime na kumpiga picha mgongo, tumbo na mkia kila baada ya miezi sita, uandike tarehe na uzito, na uendelee kumwita kwa jina linalofaa dume na jike.