Kumfundisha mtoto mtaa wake: ramani, kazi za watu na taratibu za ziara

Msimu wa ziara za shule umefunguliwa, na kama ilivyo kila mwaka, barua zimeanza kumiminika katika ofisi yetu ya upimaji na ramani kabla hata ratiba haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nyingi zinaomba jambo jema. Walimu wa madarasa ya awali na ya mwanzo wanataka watoto waujue mtaa wao, wajue nani anafanya kazi gani, na waanze kusoma ramani. Hilo tunaliunga mkono bila masharti. Ila msimu uliopita malalamiko yaliongezeka: walimu waliorudishwa getini, wazazi waliokuta picha za watoto wao mtandaoni. Wakuu wangu wameniagiza nitoe ufafanuzi kwa umma. Nitafika kwenye taratibu, lakini niruhusiwe kwanza kuzungumzia somo lenyewe, maana kwa ninavyoona mimi nusu ya matatizo ya getini huanzia darasani.

Ombi linaloongoza ni la ramani kubwa ya dunia ya kutundika ukutani. Tunaombwa hivyo kwa ajili ya watoto wa miaka mitano. Ramani hiyo inapendeza, lakini mtoto wa umri huo akiitazama haoni dunia, anaona karatasi yenye madoa ya rangi. Watafiti wa Marekani Lynn Liben na Roger Downs waliwaonyesha watoto wadogo ramani na picha zilizopigwa kutoka angani. Walikutana na mtoto aliyekataa katakata kwamba mstari fulani ni barabara, kwa sababu ulikuwa mwembamba mno, magari mawili yasingeweza kupishana. Wengine walidhani barabara iliyochorwa kwa wino mwekundu ni nyekundu kweli. Watoto hao walikuwa na akili timamu. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha kwamba alama si kitu chenyewe.

Na hilo linafundishika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Judy DeLoache alichapisha jaribio la chumba kidogo cha mfano. Mtoto anaona kidoli kikifichwa ndani ya chumba hicho, kisha anaambiwa kidoli kikubwa kimefichwa mahali hapo hapo kwenye chumba halisi. Watoto wengi wa miaka mitatu walikwenda moja kwa moja. Wa miaka miwili na nusu wengi walishindwa, ingawa walikumbuka vizuri kile kidogo kimefichwa wapi. Tofauti yao ni miezi sita tu. Kwa hiyo mtoto wa darasa la awali yuko tayari, mradi aanze na mahali anapoweza kupatembea kwa miguu yake.

Anzeni na kikombe juu ya meza. Watoto wakitazame kutoka ubavuni, wakichore, halafu wasimame juu yake na kukitazama kutoka utosini. Kimegeuka duara. Hapo ndipo ramani inapozaliwa, na somo hilo huchukua robo saa. Msimu uliopita binti mmoja alinichorea meza yangu ya kazi: mstatili, na miguu minne imetawanyika nje kama ya kaa. Ni kosa la kawaida, anachora anachokijua badala ya anachokiona. Nikamwomba apande kwenye kiti, mwalimu akamshika mkono, akatazama. Akakaa kimya. Aliposhuka alifuta mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akauacha. Nilipomuuliza akanijibu kwamba huo ndio uliolegea, mtu lazima ajue asije akaegemea. Sikumsahihisha. Sisi huku tunaiita alama ya tahadhari, na ina nafasi yake kwenye ufunguo wa ramani, ile orodha inayoeleza maana ya kila alama. Meza, naona niseme, imeshatengenezwa.

Baada ya meza njoo darasa zima. Darasa la mita 8 kwa 6 likichorwa kwa skeli ya 1:20, yaani sentimita moja ya karatasi kwa sentimita 20 za darasa, linakuwa sentimita 40 kwa 30, karatasi ya bango inatosha. Lakini msiwaambie watoto wa miaka sita habari za uwiano. Wapime kwa hatua zao, hatua moja iwe mraba mmoja kwenye karatasi. Watagombana kwamba hatua za huyu ni ndefu kuliko za yule, na ugomvi huo ni wa thamani kubwa, maana ndiyo sababu dunia ilihitaji mita. Kuna mwalimu aliyetuletea ombi la ramani ya 1:50,000 ili watoto watafute shule yao. Kwenye ramani hiyo sentimita moja ni mita 500. Shule yenye uwanja wa mita 150 inakuwa milimita 3. Watoto wangetafuta mpaka kengele ya kurudi nyumbani.

Kuhusu kaskazini nitasema wazi, maana nimelisahihisha jambo hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: kaskazini si juu. Juu ni darini. Ramani ikitundikwa ukutani mtoto anaamini kwamba kwenda kaskazini ni kupanda mlima na kwamba mito yote lazima itiririke kwenda kusini. Itandikeni sakafuni, muizungushe mpaka mlango wa kwenye karatasi uelekee mlango wenyewe. Kuweka kaskazini juu ya karatasi ni mazoea ya wachoraji. Ramani ya mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi ya mwaka 1154 iliweka kusini juu, na ramani nyingi za Ulaya ya zama za kati ziliweka mashariki. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa: kaskazini ni kunakotoka kaskazi, kusini ni kunakotoka kusi. Babu zetu walijua pande kwa upepo, na upepo hautundikwi ukutani. Jua pia ni mwalimu mzuri, ila mjue kwamba huchomoza mashariki kamili karibu na siku mbili tu za mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba. Siku nyingine husogea upande huu au ule. Watoto wakiweka alama ya kivuli cha mlingoti asubuhi, saa ile ile, kila wiki, watagundua wenyewe.

Sasa kazi za watu. Darasa nyingi zina bango lenye daktari, polisi, mwalimu na rubani, kila mmoja anatabasamu. Bango hilo halina mahali. Rubani huyo anaruka kutoka wapi? Mwaka 2018 ilitoka ripoti iliyokusanya michoro ya watoto zaidi ya 20,000 wa miaka 7 hadi 11, kutoka nchi 20, wakichora kazi wanazozitamani. Mgawanyo wa kazi za kiume na za kike ulikuwa umeshajichora vichwani mwao, na waliosema waliijua kazi hiyo kwa sababu mtu anayeifanya alifika shuleni kwao hawakufika hata asilimia 1. Wengi waliichukua kwa ndugu zao au kwenye televisheni. Mtoto hawezi kutamani kazi ambayo hajawahi kumwona mtu akiifanya.

Ndiyo maana tunasema kazi na ramani ni somo moja. Mtoto akishachora njia ya kutoka shuleni hadi njia panda, mwambie aweke alama ya kila mtu aliyemwona akifanya kazi: fundi bomba aliyechimba jana, mzoa taka anayepita alfajiri, fundi viatu, mama anayefagia barabara, fundi umeme juu ya nguzo. Kisha wapewe maswali matatu ya kuuliza. Unatumia vifaa gani? Nani anakutegemea? Usipokuja siku moja, nini kinaharibika? Swali la tatu ndilo linalofungua midomo. Mzoa taka aliyeulizwa hivyo mbele yangu alizungumza dakika ishirini na watoto hawakumkatiza. Swali la mshahara tunaomba liachwe, ingawa najua litaulizwa.

Wakubwa kidogo wanaweza kusimuliwa habari ya daktari John Snow wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja. Snow aliuliza nyumba hadi nyumba, akaonyesha kwamba vifo vimesongamana kuzunguka pampu moja ya maji, na mpini wa pampu ile ukang'olewa. Vifo alivichora kwenye ramani kwa vijistari vidogo, kimoja kwa kila marehemu. Mtoto akisikia hayo haulizi tena ramani ni ya nini.

Nakuja kwenye taratibu. Maombi ya ziara, kwetu na kwa ofisi nyingi za umma, hufanywa kwa barua yenye muhuri wa shule. Kwetu ifike siku 14 za kazi kabla ya tarehe inayoombwa. Nasisitiza siku za kazi: Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, na siku barua inapopokelewa nayo haihesabiwi. Barua itaje idadi ya watoto, umri wao, mtoto mwenye mahitaji maalumu, jina la mwalimu kiongozi na namba yake ya simu inayopatikana siku ya ziara, si ya ofisi ya shule ambayo saa hiyo imefungwa. Iambatanishwe orodha ya watoto katika nakala mbili, moja inabaki getini, na fomu za ridhaa za wazazi. Fomu isainiwe na mzazi au mlezi mwenyewe. Mwalimu kusaini fomu 30 kwa mwandiko mmoja ni jambo tunalolitambua, na fomu hizo zinarudishwa. Kwa watoto chini ya miaka sita tunataka mtu mzima mmoja kwa watoto 6. Dereva wa basi hahesabiwi, yeye anabaki na basi.

Kundi likichelewa zaidi ya dakika 30 nafasi yake inachukuliwa na kundi linalofuata. Likija bila kibali linarudishwa, hata kama watoto wamevaa sare mpya na wamefunga vyakula vyao. Najua inaumiza, mlinzi wetu naye ana watoto. Shule ikirudia kosa mara ya pili inaondolewa kwenye ratiba ya msimu mzima. Na kufahamiana na mtumishi wa hapa hakuhesabiki kuwa miadi. Hilo naliandika kwa sababu msimu uliopita majina ya watumishi yaliyotajwa getini yalizidi idadi ya watumishi tulio nao.

Kupiga picha ndani ya jengo kunahitaji idhini ya maandishi. Katika nchi nyingi ni kosa la jinai kupiga picha vituo vya umeme, kambi za jeshi na maeneo ya mpakani, na kumpeleka mtoto "kuchora mitambo" bila kuuliza kunaweza kumfikisha mwalimu kituo cha polisi. Kurusha droni kunaweza kutaka kibali cha mamlaka ya anga, hata kama ni ya kuchezea. Kunakili ramani rasmi na kuiuza au kuichapisha bila ruhusa ni kuvunja haki miliki. Ramani aliyoichora mtoto ni yake, na ya OpenStreetMap, mradi wa ramani ya mtandaoni ya watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2004, inaruhusiwa kutumika bure mradi chanzo kitajwe. Haya ni maelezo ya jumla, sheria za nchi yako ndizo zinazotawala.

La mwisho ndilo lililoleta wazazi wengi zaidi ofisini. Ramani ya mtoto inayoonyesha nyumba yao, jina lake kamili na njia anayopita kila asubuhi ni kazi nzuri ya darasani, ikae darasani. Ikipigwa picha na kurushwa mtandaoni inakuwa maelekezo kwa mtu yeyote wa kumfikia mtoto huyo. Tena simu nyingi huweka viwianishi, yaani namba zinazoonyesha picha ilipigwa wapi, ndani ya faili la picha bila mpigaji kujua, zimeni huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya ziara. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 16, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake, na nchi nyingi zina sheria za taarifa binafsi zenye faini nzito. "Tulitaka tu kuonyesha kazi za watoto" ni utetezi ninaousikia sana. Basi onyesheni ile meza yenye mguu uliolegea, haina anwani ya mtu.

Shule zilizorudishwa msimu uliopita hazihitaji kuandika malalamiko upya, ziandike maombi, na hazitapoteza nafasi kwa sababu hiyo. Mkija, watoto waje na ramani waliyoichora wenyewe ya njia kutoka shuleni hadi hapa, nakala moja iachwe kwa mlinzi asubuhi. Mkichelewa, tutaitumia kuwatafuta.