Diodi mpya za leza ya buluu: nguvu kubwa kuliko jicho linavyoona

Kuna msisimko kati yetu wapenzi wa leza siku hizi, na una sababu. Diodi moja ya buluu ya milimita 9, yaani kijipande kinachogeuza umeme kuwa mwanga wa leza, kisichozidi kifungo cha kanzu, ikipewa ampea 4.5 hutoa zaidi ya wati 6 za mwanga. Ukitaka kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani, kumbuka mwaka 2010. Casio ilitoa projekta zenye diodi 24 za buluu, kila moja ya takriban wati 1 kwenye nanomita 445 (urefu wa wimbi la mwanga, unaoamua rangi yake), na watu duniani kote wakawa wananunua projekta nzima ili waifungue na kutoa diodi. Kabla ya hapo, aliyetaka mwale wa buluu alitafuta leza ya fuwele ya nanomita 473, ghali na yenye nguvu ndogo.

Mzizi wa yote haya uko Japani. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliishika naitraidi ya galiamu, mada inayotengenezewa diodi hizi, wakati wengi walikuwa wameshaikatia tamaa, wakapata taa ya LED ya buluu, na mwaka 2014 wakatunukiwa Nobel ya fizikia. Nakamura ndiye aliyeifikisha kwenye leza katikati ya miaka ya 1990.

Vijana wanaopita kwenye meza yangu hapa Langoni, mjini Lamu, huuliza swali moja kuhusu Manda, kisiwa kilicho ng'ambo ya mkondo: "Fundi, hii itachoma mpaka Manda?" Jibu langu huwa: hapana, mwanangu, haitachoma Manda, lakini inaweza kumdhuru mtu wa Manda. Nitaeleza, ila kwanza umeme.

Chembe moja ya mwanga wa buluu wa nanomita 445 hubeba nishati ya elektronivolti 2.8 hivi, nyekundu ya 650 hubeba 1.9. Kwa hiyo diodi ya buluu hudai volti nyingi zaidi, kati ya 4 na 5. Betri moja ya lithiamu ya volti 3.7 iliyotosha kuwasha leza nyekundu haitoshi hapa. Weka saketi ya kupandisha volti, au betri mbili mfululizo na saketi ya kushusha, na vyovyote iwavyo saketi hiyo idhibiti ampea, si volti. Mruko mdogo wa umeme wakati wa kuwasha huunguza mdomo wa diodi, pale mwanga unapotokea. Diodi iliyoungua hivyo bado huwaka, ila kama LED hafifu tu; leza imekufa.

Joto nalo lina hesabu yake. Ampea 4.5 mara volti 4.7 ni wati 21. Ukitoa wati 6 au 7 za mwanga, zinabaki kama 14 ndani ya kijichuma kidogo. Kipachike kwenye kipande kizito cha shaba au aluminiamu, na feni juu yake. Mchana wetu wa Februari hautakusaidia.

Uzuri wa buluu ni kule inakokubaliwa. Shaba ni nyekundu kwa sababu huirudisha nyekundu na kuimeza buluu. Leza za viwandani za infraredi, mwanga usioonekana, huipiga shaba na karibu mwanga wote hurudi. Buluu huingia mara kumi au zaidi. Ndiyo maana viwanda vinavyounga vipande vya shaba ndani ya betri za magari ya umeme vimeigeukia rangi hii. Usidhani lakini kwamba wati zako 6 zitaunga bati la shaba: shaba hulisambaza joto upesi mno. Dhahabu pia huimeza buluu. Fedha huimeza kidogo sana. Sonara mmoja wa hapa mjini, wa wale wanaotengeneza pete za fedha zenye vigae vya sahani za zamani, aliniuliza kama tunaweza kuandika majina kwenye pete kwa leza hii. Nikamwambia hapana, sheikh wangu. Fedha iliyosuguliwa ni karibu kioo kamili cha buluu, na karibu mwale wote ungeturudia usoni.

Mbao ndiyo mahali pake. Mbambakofi, inayotengenezewa milango yetu, ni ngumu na nyeusi kiasi, nayo hunywa buluu vizuri na kuacha mstari mweusi safi. Nimekuwa nikiwachorea mafundi wa nakshi ramani ya maua na minyororo juu ya miimo ya mlango, kisha wao wanashika patasi. Mimi sioni leza ikichukua nafasi ya patasi. Inachoma uso; haijui kuzama, kuinama na kuacha kivuli ndani ya ua la nakshi, na hicho kivuli ndicho mlango wa Lamu. Lakini kunakili ramani ileile kutoka mwimo wa kulia kwenda wa kushoto, hapo inaokoa kazi kubwa.

Na hapo ndipo utakapokutana na kasoro ya diodi hizi kubwa. Nguvu imepatikana kwa kupanua ukanda unaotoa mwanga, kwa hiyo doa lake si nukta bali kijistari. Upande mmoja mwanga hutoka kwenye ukanda mpana, upande wa pili kwenye wembamba usiofika hata mikroni kadhaa (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Lenzi moja ya mviringo haiwezi kuzikusanya pande zote mbili sawasawa. Matokeo yake, ukichora duara, mstari unakuwa mwembamba juu na mnene ubavuni. Dawa ni jozi ya lenzi za silinda, ambazo hupunguza upana wa upande mmoja bila kugusa wa pili. Anayetaka mistari laini kuliko kasi anunue diodi ndogo ya wati 1 au 2. Doa lake ni dogo zaidi. Kwa nakshi mimi naipendelea hiyo ndogo, ingawa najua kubwa ndiyo inayovutia macho dukani.

Sasa Manda. Mwale wa diodi hizi, ukitanuka miliradiani 2 (kipimo kidogo cha pembe), unafika upana wa mita 2 kwa kila kilomita. Hauchomi kitu huko. Lakini rubani anayepita angani usiku, au nahodha anayeingia mkondo na macho yaliyozoea giza, atapofuka kwa muda wakati anahitaji kuona kuliko wakati wowote. Usiuelekeze angani wala baharini, hata kwa sekunde moja.

Kwa karibu, hatari ni ya kudumu, na hapa jicho lenyewe linadanganya. Jicho la binadamu ni zito kwa buluu. Kijani cha nanomita 532 huonekana kung'aa takriban mara 30 kuliko buluu ya 445 yenye wati zilezile. Maana yake wati 1 ya buluu huonekana kama miliwati 33 tu za kijani. Mtu anaangalia doa ukutani, anaona halijamsumbua sana, anaendelea kulitazama. Kumbe lenzi ya jicho inaukusanya mwale ulionyooka kuwa nukta ya mikroni kama 20 kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ikiuzidisha ukali kiasi cha mara 100,000. Kupepesa kwa robo sekunde kunakulinda na leza ya chini ya miliwati 1. Kuanzia miliwati 500 tuko Daraja la 4, daraja la leza hatari kuliko zote, ambako hata mwanga uliotawanywa na mbao kavu unaweza kudhuru kwa karibu.

Miwani ya jua haisaidii kitu. Tafuta miwani ya rangi ya machungwa iliyoandikwa nanomita inazozuia, na alama ya OD 4 au zaidi kwenye 445; OD ni kipimo cha jinsi miwani inavyozuia mwanga. OD 4 hupitisha sehemu 1 kwa 10,000: wati 6 zinakuwa miliwati 0.6. Kila aliyemo chumbani avae, pamoja na mtoto aliyekuja kutazama tu. Asiye na miwani atoke nje kabla hujawasha.

Kuhusu wati zinazoandikwa kwenye matangazo: ukiona moduli, yaani leza iliyokwisha kufungwa tayari, ya bei rahisi inajiita wati 40, mara nyingi hizo ni wati za umeme zinazoingia. Uliza wati za mwanga. Zilizo za kweli za 10 huunganisha miale ya diodi mbili, za 20 diodi nne.

Na sisi wa kando ya bahari tusifungue kile kifuniko cha diodi chenye dirisha la kioo, hata kama tunataka kusogeza lenzi karibu zaidi. Mwanga wa buluu una nguvu ya kuvunja mvuke wa gundi na silikoni na kuugandisha kwenye mdomo wa diodi, na hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma kwa nyaya zilizo ndani. Gundi ya papo kwa papo iwekwe mbali kabisa. Moduli ikazwe kwa skrubu.