Maana ya "kuhesabiwa haki"

Wakristo wengi wa Dar es Salaam, wakiulizwa maana ya kuhesabiwa haki, hujibu kwamba ni kusamehewa dhambi. Jibu hilo si kosa, ila halijatimia. Mfungwa anayetoka gerezani kwa msamaha wa Rais katika sikukuu ya kitaifa ameondolewa adhabu, lakini hukumu iliyomtia hatiani haikufutwa kwa kuwa yeye ametoka. Anayehesabiwa haki, kwa mafundisho ya mtume Paulo, hupewa zaidi ya hapo: Hakimu mwenyewe hutamka kwamba mtu huyu ni mwenye haki mbele zake.

Istilahi yenyewe imeunganisha mahakama na duka, na kwa maoni yangu wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walifanya kazi nzuri kuliko wanavyosifiwa. "Haki" ni neno la barazani kwa hakimu. "Kuhesabu" ni neno ambalo mfanyabiashara wa Kariakoo hulielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa kila jioni hufungua daftari na kutazama kilichoandikwa upande wa deni na kilichoandikwa upande wa malipo. Ndivyo ilivyo pia katika Kigiriki cha Waraka kwa Warumi, sura ya 4, ambapo Paulo hutumia mara nyingi kitenzi cha mahesabu anapoeleza habari ya Ibrahimu, aliyemwamini Mungu na imani yake ikahesabiwa kuwa haki. Katika sura hiyo hiyo amenukuu zaburi inayomwita heri mtu yule ambaye Bwana hamhesabii dhambi. Kwa hiyo deni halihesabiwi, na haki ambayo mtu hakuichuma inaandikwa kwa jina lake.

Hapa msomaji makini ana haki ya kushtuka. Kitabu cha Mithali, sura ya 17, kinasema kwamba anayempa mwovu haki ni chukizo kwa Bwana, na sisi sote tunajua tunamwitaje hakimu anayemwachia mkosaji huku ushahidi upo mezani. Paulo hakulikwepa jambo hili. Anasema waziwazi kwamba Mungu humpa haki asiye mtauwa, yaani asiyemcha Mungu, kisha anaeleza kuwa hukumu haikupuuzwa bali ilibebwa na Kristo msalabani. Waraka kwa Waebrania humwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Aliyewahi kumdhamini ndugu yake katika Mahakama ya Kisutu, akiwa ameshika barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, anaujua uzito wa neno hilo, ingawa mfano huo una mpaka wake: mdhamini wa Kisutu huahidi tu kwamba mshtakiwa atafika siku ya kesi, wala hafungwi badala yake akipatikana na hatia.

Makanisa hayakulifafanua jambo hili kwa namna moja. Walutheri husisitiza tamko la Mungu na haki ya Kristo inayompata mtu kutoka nje yake. Wakatoliki, wakifuata Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, na tamko lake la mwaka 1547, hufundisha kwamba neema humfanya mtu awe mwenye haki kwa ndani, tena kwamba haki hiyo hukua ndani yake. Waraka wa Yakobo, unaosema mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake, umetajwa katika mabishano hayo kwa karne nyingi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo mwaka 1977 lilifanya mkutano wake mkuu hapa hapa Dar es Salaam, yalitia saini tamko la pamoja kwamba mwanadamu hupokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, na si kwa stahili yake, na kwamba Roho Mtakatifu humwezesha kutenda mema.

Tofauti iliyobaki huonekana zaidi katika desturi. Katika Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, mwenye dhambi nzito hupiga magoti mbele ya padri katika sakramenti ya kitubio na kupokea maondoleo. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika Usharika wa Kilutheri wa Azania Front, waumini huungama kwa pamoja ibadani, na mchungaji huwatangazia msamaha wakiwa wamesimama mahali pao.