Bunge la jimbo likifuta adhabu ya kifo, aliyekwisha kuhukumiwa huwa amepona?

Wengi huamini kwamba jimbo la Marekani likifuta adhabu ya kifo, kila aliyekuwa akisubiri kuuawa amepona siku hiyohiyo. Sivyo. Kila kitu kinategemea sheria mpya inawagusa nani.

New Mexico iliifuta mwaka 2009, lakini kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Julai 1 mwaka huo tu. Wanaume wawili waliohukumiwa kabla ya hapo walibaki na hukumu ya kifo miaka kumi mizima, mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoitengua mwaka 2019. Kwangu mimi huo ni ukatili: jimbo limekiri halitaki tena kuua, ila hawa wawili bado. Virginia ilifanya vizuri zaidi mwaka 2021, kwani sheria yenyewe iligeuza hukumu zilizokuwepo kuwa kifungo cha maisha.

Tena bunge halina neno la mwisho. Nebraska, mwaka 2015, bunge lilipitisha sheria ya kuifuta adhabu ya kifo, gavana akaipinga kwa kura ya turufu. Wabunge wakamshinda kwa kura 30 dhidi ya 19. Waliopinga kufutwa huko wakakusanya saini ili suala lipigiwe kura, na Novemba 2016 wapiga kura wakairudisha adhabu hiyo. Agosti 2018 mfungwa akauawa kwa adhabu hiyo.