Akaunti Haifungwi kwa Barua ya Kwanza

Wiki jana, kwa mara ya nne tangu mwaka huu uanze, mteja aliketi mbele ya meza yangu hapa Kisumu akanieleza kwamba ametoa benki pesa zote za biashara na kuziweka katika akaunti ya shemeji yake, kwa kuwa amesikia kwamba watu wa ushuru huingia katika akaunti usiku wakachota wanachotaka. Nimefanya kazi ya ushauri wa ushuru kwa miaka kumi na mitatu, na imani hii imewaumiza wateja wangu kuliko ushuru wenyewe. Atakayekuja na hadithi ya tano nitamwomba asome haya kwanza, kisha tuzungumze.

Hakuna anayeingia katika akaunti ya mtu. Kinachotumika ni notisi ya uwakala, iliyomo katika kifungu cha 42 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, humwandikia mtu anayeshika pesa zako, au mtu unayemdai, na kumwamuru alipe deni lako la ushuru kutokana na pesa hizo, kwa kiasi kisichozidi deni lenyewe. Benki ndizo hupokea barua hizi mara nyingi, lakini kifungu hakikutaja benki peke yake: mpangaji wa nyumba yako anaweza kuipokea, mwajiri wako vilevile, na hata mwanakandarasi uliyemkopesha saruji. Anayeipokea akikaidi bila sababu ya maana, deni humgeukia yeye binafsi. Akilipa, sheria humkinga dhidi ya madai yako. Kwa hiyo kumfokea meneja wa tawi mbele ya foleni, kama nilivyoona wengi wakifanya, ni kumwonea mtu asiye na hiari.

Hapo ndipo hila ya shemeji huporomoka. Pesa zikihama, wateja unaowadai bado wapo, nao wanaweza kuandikiwa. Shemeji naye akiwa na deni lake la ushuru, pesa zako ndizo zitakazolilipa, kwa maana akaunti ni yake. Tena siku atakapokaguliwa, ataulizwa amepata wapi fedha hizo, na jibu la kwamba ni za shemeji yake litahitaji karatasi ambazo hamkuziandika.

Njia ya kuelekea notisi nitaipita haraka, kwa kuwa imeandikwa wazi na yeyote anaweza kuisoma. Lazima moja kati ya mambo haya liwe limetokea: uliwasilisha mwenyewe ritani, yaani taarifa yako ya ushuru, ukakiri deni, kisha hukulipa, au ulikadiriwa ushuru na siku 30 za kupinga zikapita ukiwa kimya, au pingamizi lako lilijibiwa nawe hukukata rufaa kwa wakati, au ulikubaliwa kulipa kwa awamu ukaacha kulipa. Ukipinga ndani ya muda, ukaeleza sababu, ukaambatisha stakabadhi na kulipa sehemu ya deni usiyoibishania, mamlaka ina siku 60 za kuamua, na zikipita bila uamuzi, pingamizi lako huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ninazotaka mzikumbuke ni zile siku 30 za kupinga. Wateja wengi walionijia wakilia kuhusu akaunti walizipoteza siku hizo, na wengi wao hawakujua hata kwamba zilikuwa zimeanza kuhesabiwa.

Mwaka jana alinijia mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Aliweka mkoba mezani kabla hajaketi, akasema, "Mwanangu, wamenimaliza." Hundi aliyomwandikia msambazaji wake wa saruji ilikuwa imerudi, na benki ilimwambia kwamba shilingi 412,000 zilizokuwa katika akaunti zimezuiwa kwa ajili ya ushuru. Kesho yake alitakiwa kuwalipa wafanyakazi sita. Nilifungua ukurasa wake wa iTax, mtandao wa KRA wa walipa ushuru, na kabla sijatazama deni nilitazama anwani ya baruapepe. Haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa saiba, duka la intaneti, aliyemsajilia PIN, yaani nambari ya mlipa ushuru, mwaka 2016, ambaye aliweka anwani yake mwenyewe kwa sababu mama hakuwa nayo. Kijana huyo alikuwa amehamia Eldoret zamani. Makadirio ya ushuru, ukumbusho na barua ya kudai malipo vilikuwa vimefika vyote, kimoja baada ya kingine, katika sanduku la mtu asiyemfahamu tena. Kwa macho ya sheria, mama alikuwa amearifiwa akanyamaza.

Sasa deni lenyewe. Katika mwaka uliokaguliwa, akaunti yake ilipokea shilingi 6,100,000. Mauzo ya duka yalikuwa 3,900,000. Zilizosalia zilikuwa 800,000 za mkopo wa SACCO na 1,400,000 za chama cha akina mama cha kuweka akiba, ambacho yeye ni mweka hazina wake. Ukaguzi wa aina hii huanza na jumla ya pesa zilizoingia benki, na ni juu ya mlipa ushuru kuonyesha zipi si mauzo, kwa kuwa sheria imemtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni makosa. Asiyejibu hana alichothibitisha. Milioni 6.1 huvuka kiwango cha milioni 5 ambacho mfanyabiashara akikifikia hulazimika kujisajili kwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ilhali milioni 3.9 haikifikii. VAT ya asilimia 16 kwa milioni 6.1 ni shilingi 976,000, kabla ya adhabu na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Deni hilo lilizaliwa na pesa za chama na za mkopo, wala hakuna aliyetunga uongo: ofisa alihesabu alichokiona na mama hakuwepo kumweleza.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye chama, kwa sababu hapa ndipo huniuma zaidi. Kati ya zile 412,000 zilizozuiwa, 260,000 zilikuwa za akina mama kumi na watano waliokuwa wakisubiri kugawana Desemba. Hawakuwa na deni lolote la ushuru. Walipofika ofisini kwangu, watatu kwa niaba ya wenzao, waliniuliza swali la haki kabisa: je, serikali inaweza kuchukua pesa za watu kumi na watano kwa deni la mmoja? Jibu ni kwamba benki haioni watu kumi na watano. Inaona jina moja. Sheria imeifikiria akaunti ya pamoja na kuiwekea masharti: notisi huigusa iwapo wenye akaunti wote wana madeni ya ushuru, au iwapo mdaiwa anaweza kutoa pesa bila sahihi au idhini ya wenzake, isipokuwa akaunti ya ushirika wa kibiashara. Kwa maneno mengine, akaunti ya chama inayohitaji sahihi tatu ina kinga ambayo akaunti ya mweka hazina haina hata chembe. Nimewaeleza watu haya kanisani, sokoni na katika mikutano ya SACCO, lakini bado vyama vingi huweka akiba kwa jina la mwanachama anayeaminika kuliko wote, wakidhani kwamba uaminifu wake ndio ulinzi. Uaminifu wake hauonekani katika kitabu cha benki.

Je, basi, mamlaka ya ushuru inastahili kuwa na uwezo huu? Wateja wangu hushangaa ninapojibu ndiyo. Mdai wa kawaida hulazimika kushtaki, kushinda, kisha kuomba amri ya kushika pesa za mdaiwa chini ya Agizo la 23 la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Serikali imeruhusiwa kuruka ngazi hizo kwa sababu deni ambalo mtu amelikiri katika ritani yake, au amepewa nafasi ya kulipinga akaiacha, halina ubishi wa kupelekwa mahakamani. Kuna wafanyabiashara wanaokusanya VAT kutoka kwa wanunuzi, wanaijaza katika ritani kila mwezi, kisha wanaigeuza mtaji. Pesa hizo hazikuwa zao hata siku moja, na sioni kwa nini hakimu asumbuliwe ili zirudi.

Ninachokipinga ni jinsi uwezo huo ulivyokatwa bila pindo. Mshahara ukiwa bado mikononi mwa mwajiri, sheria yetu husema makato ya notisi yasizidi asilimia 20 ya kila malipo baada ya ushuru wa mapato kutolewa. Mshahara huohuo ukishaingia benki, kifungu kinauona kama pesa nyingine zozote, na hakuna kiwango kilichowekwa cha kumwachia mtu ale. Uingereza ilipoipa mamlaka yake uwezo kama huu mwaka 2015, iliweka mipaka: deni liwe pauni 1,000 au zaidi, mdaiwa akutane ana kwa ana na ofisa kwanza, apewe siku 30 za kupinga, na aachiwe angalau pauni 5,000 katika akaunti zake. Marekani mdaiwa hupewa notisi ya mwisho siku 30 kabla, na benki hukaa na pesa siku 21 kabla ya kuzipeleka, ili kosa likigunduliwa lirekebishwe wakati pesa bado zinaonekana. Siku 21 zingemtosha mama wa Kibuye. Nilikwisha pata karatasi za SACCO kufikia Jumatano.

Ningependa sheria yetu iongezewe mambo mawili: onyo la mwisho linalofika kwa simu ya mlipa ushuru mwenyewe, na kiasi kisichoguswa kinachotosha mishahara ya mwezi mmoja. Nilikuwa nikiyasema haya kwa uhakika mkubwa kuliko leo. Mteja wangu mmoja, mwenye deni alilolikiri mwenyewe, aliniuliza barua ya benki hufika baada ya siku ngapi. Nilimjibu kwa nia njema, na ndani ya siku mbili akaunti yake ilibaki na shilingi 300. Niliacha kumhudumia, lakini jambo hilo limenikaa moyoni, maana onyo ninalolidai kwa ajili ya mama wa Kibuye ndilo lingekuwa mlango wa kutorokea wa mtu kama yule. Najua kifungu cha 43 kinaruhusu mamlaka kwenda Mahakama Kuu kuomba fedha zizuiwe inapohofia kwamba mtu atazificha. Hata hivyo, ofisa aliye na majalada mia moja mezani hatakimbilia mahakamani kwa kila mjanja, na sijapata jibu la hoja hiyo linaloniridhisha. Bado naegemea upande wa onyo, kwa sababu mjanja hutoroka kwa vyovyote, ilhali aliyepotewa na barua hana njia nyingine.

Mama wa Kibuye tulimwombea ruhusa ya kupinga nje ya muda, ambayo sheria huruhusu kwa sababu kama ugonjwa, kuwa nje ya nchi, au sababu nyingine ya maana. Tuliambatisha mkataba wa mkopo, daftari la chama lenye sahihi za wanachama, na vitabu vya mauzo. Akaunti ilifunguliwa siku ya kumi na sita. Kabla ya hapo alikuwa amewalipa wafanyakazi kwa kumuuzia jirani mabati kwa bei ya kununulia. Tulibadilisha anwani ya baruapepe tukiwa tumeketi pamoja, yeye mwenyewe akiandika herufi moja baada ya nyingine kwa simu yake. Akina mama wa chama walifungua akaunti ya kikundi mwezi uliofuata, na kutoa pesa humo sasa kunahitaji sahihi tatu.